Siku ya mkoba: chanjo kwenye kasha, mahindi kwenye ungo

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai naenda kwenye jokofu la chanjo kusoma kipimajoto. Nyuzi 4. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8. Leo ni siku ya mkoba: tunafunga chanjo kwenye kasha baridi tunawafuata watoto vijijini, huku kwetu Chemba, Dodoma. Pakiti za barafu nimeshazitoa mezani, nasubiri zitoe jasho. Ukiitikisa pakiti ukasikia maji yanacheza ndani, hapo ndipo unaipanga. Watu huhofia joto tu, lakini chanjo ya pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, ikiganda imekufa, na kuendelea kuichoma ni kumdanganya mama.

Naihofia sana hiyo kwa sababu ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Watoto wa nchi hii walianza kuipata mwaka 2002. Mimi nilizaliwa kabla ya hapo, nikaja kuchomwa nikiwa chuoni.

Saa 1 asubuhi, bodaboda. Mavuno yamekwisha na njia nzima mahindi yameanikwa. Wengine wametandika turubai, Mungu awabariki. Wengine wameyamwaga chini kwenye udongo. Kijana wa bodaboda ananijua, akiona mahindi chini anapunguza mwendo kabla sijasema. Nikashuka mara mbili, nikasalimia, nikaomba watandike chochote, hata magunia matupu yaliyoshonwa pamoja.

Sijausahau mwaka 2016. Hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Macho ya manjano, tumbo limejaa, kutapika. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Haina ladha, haina harufu, na moto wa jiko hauiondoi. Familia ilikula ugali wake wa kila siku tu.

Saa 3, chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji. Mizani imetundikwa, kina mama wamepanga kadi za kliniki. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, pentavalenti. Miezi 9, surua na rubela. Mtoto wa kuchanjwa surua alikuwa mmoja tu, na chupa moja ni ya watoto 10. Nikaifungua. Zikipita saa 6 tangu uifungue hutakiwi kuitumia tena, utamwaga, sawa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni tangu alfajiri hakutembea ili aambiwe arudi wiki ijayo.

Mama mmoja akaniuliza ampe nini mwanawe anapoanza kula. Akasema amesaga uji wa lishe: mahindi, karanga, ulezi kidogo. Nikamwomba anionyeshe karanga zilizobaki. Hapa ndipo huwa natumia muda wangu mwingi, foleni inisamehe. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B akila sumukuvu mwaka hadi mwaka, hatari mbili hizo hazijumlishwi, zinazidishana, na mwisho wake ni saratani ya ini. Nikimchoma mtoto sindano halafu nikanyamazia uji wake, kazi nimeiacha njiani. Kwa hiyo tukachambua pamoja, yeye na mimi na mhudumu wa afya wa kijiji: iliyosinyaa pembeni, iliyobadilika rangi pembeni, iliyotobolewa na wadudu pembeni.

Bibi yake alikuwa amekaa karibu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Na hizo mlizotenga, kuku si watakula?”

“Sumu itawafuata kuku, bibi, na sisi tunakula mayai yao.”

“Basi za pombe.”

“Na pombe pia, bibi.”

Akanyamaza, akaziangalia. Zilikuwa kama viganja viwili. Kwa mtu aliyelima kwa jembe la mkono kwenye mvua zetu hizi, viganja viwili si kitu cha kutupwa. Sikumlaumu. Nikamfundisha kupima kama mahindi yake yamekauka kabla ya kuweka ghalani: chupa kavu, chumvi kavu kidogo, konzi ya mahindi, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, yarudi juani. Akataka kujaribu hapo hapo. Ikanata.

Saa 7 mchana, shuleni. Wasichana wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tulianza nchi nzima mwaka 2018 na wa miaka 14, dozi 2. Tangu Aprili 2024 ni dozi 1. Baba mmoja alikuja kuuliza mbona mmepunguza, ni bajeti? Swali zuri, alistahili jibu. Nikamweleza kwamba watafiti waliwafuatilia waliopata dozi moja wakakuta kinga yao inatosha, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwishoni mwa 2022. Nikamwambia na la kwangu: dozi ya pili ndiyo iliyokuwa inatushinda. Ukirudi shuleni, binti amehama, au ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Akaniitia bintiye mwenyewe.

Saa 11 jioni, zahanati. Surua iliyobaki nimemwaga, zilizosalia zimerudi kwenye jokofu, nyuzi 5. Daftari linaonyesha mtoto mmoja hakuja kwa pentavalenti ya tatu. Nikampigia mhudumu wa kijiji: akasema mama wa mtoto yuko kwenye kambi ya shambani, yeye mhudumu atapita huko kesho asubuhi na baiskeli.

Saa 2 usiku. Bibi alinifungia karanga kwenye kanga kuukuu kama zawadi. Nimezimwaga kwenye ungo, nimesogeza taa ya sola. Naanza na zilizosinyaa.