Jinsi nilivyozuia tui la mbaazi lisikatike

Kazini kwetu Kilindini, Mombasa, saa ya chakula runinga huwa kwenye mashindano ya mapishi, na kila Ijumaa mmoja wetu huleta chungu chake. Zamu yangu nilileta mbaazi za nazi. Tui lilikuwa limekatika: mafuta yanaelea juu, chembechembe nyeupe chini. Wenzangu wakashika vijiko kama majaji wa runingani. "Dada, leo unatuaga," akasema mmoja, tukacheka mpaka machozi. Lakini liliniuma, mbaazi ndizo chakula cha asubuhi cha kwetu.

Kosa lilikuwa moto. Nilitia tui lote pamoja nikaliacha lichemke kwa nguvu, na moto ukizidi mafuta ya nazi hujitenga.

Sasa nakuna nazi mbili za soko la Marikiti, nakamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, na kuiweka kando. Mbaazi zilizoiva nazipika kwa tui la pili, na kitunguu, pilipili na bizari. Zikikaribia kukauka ndipo namimina kasimile, moto mdogo kabisa, nakoroga bila kuacha, sufuria wazi. Ndimu siitii hapo, nayo hukata tui. Likianza kutokota pembeni tu, naepua.

Ijumaa iliyopita nilizileta na mahamri. Majaji walinyamaza, wakafuta bakuli mpaka likang'aa.