Siku moja maishani mwangu: napima umeme wa ubongo wa watoto

Kazi yangu hueleweka vibaya hata kabla sijaianza. Mzazi akisikia kwamba mtoto wake atabandikwa nyaya kichwani, hudhani kwamba nitampitishia umeme, na wapo waliogeukia mlangoni na kuondoka na mtoto mgongoni kwa hofu hiyo peke yake. Mashine ya EEG haipeleki chochote kichwani. Inapokea umeme ambao ubongo wenyewe huuzalisha, nao ni mdogo kiasi kwamba betri moja ya redio ya volti 1.5 inauzidi mara 30,000 hivi. Nafanya kazi hii Dar es Salaam, katika chumba kimoja chenye kitanda, mashine na kiyoyozi kimoja, na nimeamua kuandika siku moja, Jumanne ya wiki iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri niliamka, nikapanda daladala mbili, na kabla ya saa 1 asubuhi kwisha nilikuwa nimewasha mashine, nimehesabu elektrodi, yaani vidude vya mwisho wa nyaya vinavyonasa umeme huo, nimekagua betri ya akiba na kutandika shuka safi.

Saa 2 aliingia mvulana wa miaka minane na mama yake. Barua ya rufaa ilisema kwamba hazingatii darasani, na mama akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwalimu alikuwa amemchapa kwa kosa hilo zaidi ya mara moja. Nilimpima kichwa kwa utepe, kutoka kwenye kishimo kilicho kati ya paji la uso na pua hadi kwenye kinundu cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, nikagawa umbali huo kwa asilimia 10 na 20 kama utaratibu uliokubaliwa duniani tangu 1958 unavyoelekeza, nikabandika elektrodi 19 kichwani, 2 masikioni na moja ya ardhi. Nilipohakikisha kwamba hana selimundu, kwa sababu mtoto mwenye selimundu hatakiwi kupumulishwa kwa nguvu, nilimpa feni ndogo ya karatasi na kumwomba aipulize ili izunguke bila kusimama kwa dakika 3.

Katika dakika ya pili feni ilisimama. Macho yake yalibaki wazi yakitazama ukutani, midomo ikatulia, na kwenye skrini mistari yote kwa pamoja ikajaa miiba na mawimbi, mara 3 kwa kila sekunde, kwa ukamilifu ambao hakuna anayeweza kuuigiza. Nilitaja neno moja ili nione baadaye kama atalikumbuka: embe. Baada ya sekunde 11 alianza kupuliza tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na nilipomuuliza nimesema tunda gani, alinitazama kwa mshangao. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona feni na ameona skrini. Alisema, "Kumbe ndicho alichokuwa anapigiwa." Si kazi yangu kutoa majibu, hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto, lakini sikuweza kumnyima mama yule kichwa changu kilichoinama kukubali. Kifafa cha kuzubaa kina dawa, na watoto wengi wenye nacho hukiacha nyuma wanapokua.

Kama kila siku ingekuwa na feni iliyosimama, kazi hii ingekuwa nyepesi sana.

Watoto watatu waliofuata walipimwa, wakafutwa vichwa na kuondoka kabla ya saa 5.

Kisha akaja msichana wa miaka sita, na kutoka hapo saa ya ukutani sikuitazama tena sawasawa. Alikuja na bibi yake na baba yake mdogo kutoka Ifakara, wamesafiri kwa basi, na ingawa kadi ya miadi ilieleza kwamba mtoto akeshe ili aje apate usingizi mbele ya mashine, alikuwa amelala njia nzima mapajani mwa bibi. Simlaumu mtu anayemwacha mtoto alale safarini. Lakini usingizi ndio unaofichua alama nyingi za kifafa ambazo mtoto akiwa macho hazionekani, na macho ya msichana yule yalikuwa maangavu kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Tena alikuwa amesukwa. Ilikuwa mistari midogo, imebanwa vizuri, imeongezwa rasta na kupakwa mafuta ya nazi hadi ngozini. Nilimwamkia bibi, akaitika marahaba, nikamweleza kwamba elektrodi inahitaji kukaa kwenye ngozi tupu isiyo na mafuta, na kwamba itabidi nywele zifumuliwe. Bibi alikataa. Alisema kwamba msusi alilipwa na kazi ilichukua mchana mzima, na kwamba hawezi kumpeleka mjukuu wake mbele ya madaktari wa Dar es Salaam akiwa na kichwa timtim, watu wakadhani ni mtoto asiye na wenyewe. Nilielewa hapo kwamba msuko ule ulikuwa heshima waliyomvika mtoto kwa ajili yetu, na nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimeanza kukasirika. Nilikaa chini pamoja naye, nikamwonyesha mstari wa elektrodi moja niliyoibandika juu ya nywele zenye mafuta ulivyokuwa ukitetemeka bila maana, kisha nikaibandika mkononi mwangu na kumwonyesha mstari unavyotulia kwenye ngozi safi. Alitazama kwa muda mrefu. "Haya, mwanangu, fumua," alisema, na tukafumua pamoja, yeye upande wa kulia na mimi wa kushoto, kwa muda wa saa nzima, huku baba mdogo akiingia na kutoka akiuliza kama ni lazima, kama hakuna mashine ya kisasa zaidi, kama tunajua basi la kurudi ni saa ngapi, na kama pesa itarudishwa iwapo hakitaonekana kitu.

Wakati tukifumua niliona jambo jingine. Mtoto alipoomba maji, bibi alitoa kikombe cha plastiki kilichofungwa kwenye mfuko wake wa peke yake, akamnywesha, akakifunga tena. Nilimwambia kwa utaratibu kwamba kifafa hakiambukizwi kwa kikombe, kwa mate wala kwa povu, na kwamba akianguka asaidiwe, alazwe ubavu na asitiwe kitu chochote mdomoni. Bibi hakunijibu, ila alinisikiliza.

Nilipomaliza kubandika ilikuwa imekaribia saa 8 na sikuwa nimekula. Mtoto alianza kusinzia kwa wimbo wa bibi, na umeme ukakatika. Betri ya akiba iliishika mashine, lakini kiyoyozi kilizima, na katika joto lile la Dar es Salaam chumba kilifukuta kwa muda mfupi sana. Jasho ni adui wa kipimo hiki kuliko kelele za mtoto: chumvi yake inabadilisha umeme kwenye ngozi, na mistari inaanza kupanda na kushuka polepole, mawimbi mapana yanayoweza kumpoteza msomaji asiye mwangalifu. Nilifuta jasho kwa pamba, nikabandika upya elektrodi mbili za nyuma zilizolegea, na bibi akampepea kwa kanga bila kupumzika mpaka jenereta ilipowaka. Nilipata dakika 27 za usingizi safi. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na dakika 27 zile najivunia kuliko vipimo vingi vilivyokwenda bila shida.

Hazikuwa na mwiba hata mmoja.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi yangu, na ndipo ninapotamani watu wote wangepafahamu. Baba mdogo aliposikia kwamba sikuona alama, alisema kwa sauti iliyofika hadi korido, "Basi hana kifafa, na tulisema tangu mwanzo kwamba ni mambo mengine." Ningeweza kunyamaza na kumwachia daktari, lakini niliwahi kumwona mtoto akirudishwa nyumbani na kuachishwa dawa kwa sababu karatasi ilisema kipimo ni cha kawaida, naye akarudi kwetu miezi michache baadaye akiwa ameungua kwenye moto wa kuni. Nilimwambia, "Kaka, mashine imetazama dakika 27 za usiku na mchana wote wa mtoto huyu. Mvuvi akirudi bila samaki, bahari haijawa tupu." Karibu nusu ya wenye kifafa hawaonyeshi alama yoyote kwenye kipimo cha kwanza, na wapo watoto wachache wazima kabisa ambao huonyesha alama bila kuwahi kuanguka maishani mwao. Kinachotambulisha kifafa ni habari ya mtoto: kushikwa mara mbili, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Kipimo husaidia kujua ni kifafa cha aina gani na kinaanzia wapi.

Kisha nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza asubuhi: kuna mtu aliyewahi kumrekodi akiwa katika hali hiyo? Alinyamaza. Akatazama chini, kisha akatoa simu. Alikuwa amemrekodi usiku mmoja ili amtumie kaka yake anayefanya kazi Geita, ambaye hakuamini alichosimuliwa, na tangu hapo aliona aibu kuwa na picha hiyo. Ilikuwa ya sekunde 52. Mtoto amelala, kichwa na macho yanageuka pole pole kuelekea kushoto, mkono wa kushoto unakakamaa, unaanza kutikisika, kisha mwili mzima unafuata. Mtu aliyenisumbua tangu asubuhi ndiye aliyekuwa amebeba mfukoni ushahidi ambao mashine yangu haikuupata.

Daktari aliitazama mara tatu. Alimuuliza bibi jinsi mtoto alivyozaliwa, na bibi akasema kwamba hakulia mara moja, na kwamba akiwa na miaka miwili aliugua malaria kali iliyomtia degedege. Waliondoka ofisini kwake na karbamazepini, na karatasi ya kwenda kupiga MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa.

Jioni, nadhani ilikuwa baada ya saa 10, nilikula wali wangu uliopoa, nikaanza kazi ya pili ya siku, ile isiyoonekana na mgonjwa yeyote. Kuna watafiti ninaowaandalia vipande vya vipimo ambavyo wazazi wameridhia vitumike: mtoto yuko macho, amefumba macho, ametulia, hakuna jasho, hakuna kukunja taya. Wao hawatafuti miiba. Wanatafuta mtandao, yaani jinsi sehemu moja ya ubongo inavyokwenda pamoja na nyingine. Fikiria ramani ya daladala: Kariakoo, Ubungo, Mbagala na Tegeta ni vituo, na wingi wa safari kati yao ni njia. Unaweza kuitazama Ubungo siku nzima usione ajali, na bado ukajua kutokana na mpangilio wa safari zote kwamba mji huu ni mwepesi kukwama. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa lilikwishaandika kwamba kifafa, hata kile cha upande mmoja, huanzia ndani ya mitandao ya ubongo.

Ugumu ni kwamba elektrodi mbili zilizo jirani huweza kusikia chanzo kimoja kwa wakati mmoja, kama nyumba mbili zinazosikia adhana moja, bila kuwa na mawasiliano yoyote. Ndiyo maana Cornelis Stam wa Amsterdam na wenzake walipendekeza mwaka 2007 kigezo kinachotazama kama wimbi la sehemu moja linatangulia au kuchelewa kwa utaratibu ule ule dhidi ya la nyingine, kwa kuwa umeme unaosambaa tu kutoka chanzo kimoja haucheleweshwi. Mwaka 2013 Eric van Diessen na wenzake wa Utrecht walitazama mtandao wa ubongo kwenye vipimo vya kila siku vya hospitali vya watoto 35 wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja na watoto 35 ambao ilithibitika hawana, na mpangilio wa mtandao ukawatenganisha vizuri mno. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilifikiria karatasi zote safi nilizowahi kuwakabidhi wazazi.

Hata hivyo namkataza mtu yeyote kuuita mpangilio huo kipimo cha kifafa. Watoto 70 ni wachache, na mtandao wa ubongo hubadilika kwa umri, kwa dawa na hata kwa kusinzia kidogo. Zaidi ya hayo, ubongo wa mtoto aliyepita kwenye malaria kali au aliyezaliwa bila kulia hauwezi kupimwa kwa ramani iliyochorwa kwa watoto wa Uholanzi. Ramani ya watoto wetu itatoka kwenye vipimo vya vyumba kama changu, na elektrodi moja iliyokaa sentimita mbili pembeni, au jasho lisilofutwa, hesabu haitajua kwamba ni kosa. Italihesabu kuwa ni ubongo. Kwa hiyo nilikata kipande cha msichana yule cha kabla ya usingizi, nikaondoa jina lake, na kwenye maelezo nikaandika yote: umeme ulikatika, elektrodi mbili za nyuma zilibandikwa upya, kipimo hakikuonyesha alama, utambuzi umetokana na historia na video.

Niliosha elektrodi moja moja. Mgongo uliuma, na vidole vilikuwa vikavu kwa jeli. Nilipofunga mlango giza lilikuwa limeshaingia, na kwenye benchi la nje niliwakuta bado wapo, basi limewaacha, baba mdogo amekwenda kutafuta pa kulala. Bibi alikuwa akimsuka mjukuu wake upya chini ya taa ya korido, twende kilioni ya haraka haraka, lakini macho yake hayakuuona mstari vizuri. Niliweka mkoba chini, nikaketi upande wa kushoto, nikachukua chanuo. Mtoto aliomba maji tukiwa kwenye mstari wa tatu. Bibi alikitazama kikombe kilichokuwa kwenye mfuko, akakiacha, akampa chupa aliyokuwa akinywea yeye.