Niliacha amiodaroni kwa sababu ya ini, yenyewe ikachelewa kuondoka

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Naandika kwa wale walioambiwa waache amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, kwa sababu ya ini, maana kuiacha ni rahisi. Shughuli iko kwenye miezi inayofuata.

Moyo wangu ulikuwa unakwenda ovyo. Nikipanda kutoka mwaloni, nikifika juu natafuta pa kukaa. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha vyumba vya juu vinatetema tu badala ya kusukuma damu sawasawa. Nikapewa rufaa, nikarudi na amiodaroni ya miligramu 200 ya kutuliza mapigo, pamoja na wafarini ya kuzuia damu isigande. Ilinisaidia, siwezi kuisema vibaya. Ni dawa ya zamani, ilibuniwa Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, na madaktari bado wanaiandika kwa sababu inafanya kazi.

Kabla sijaanza nilipimwa ini, tezi ya shingo na picha ya kifua, kisha nikaambiwa ini na tezi virudiwe kila miezi sita. Tezi ni kwa sababu karibu asilimia 37 ya uzito wa dawa hii ni madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi, ila hapa ni mengi kupita kiasi.

Nilipokwenda kurudia nilikuwa mzima kabisa. Macho meupe, mkojo wa kawaida, ugali naumaliza. Majibu ya ini yakasoma ALT (kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia) 168, na mwisho wa kawaida kwenye maabara ile ni 40. Daktari akafunua daftari langu akaona ile ya kwanza ilikuwa 27.

“Mzee,” akasema, “ikipita mara tatu ya kiwango cha juu hatuifumbii macho. Hii imepita mara nne.”

Nilimpenda kwa kuwa hakuisingizia dawa papo hapo. Alinipima kwanza homa ya ini B na C, nikafanyiwa ultrasaundi, akaniuliza pombe (sinywi) na mitishamba (situmii). Vyote vilipokosa hatia, ikabaki amiodaroni. Akanieleza kuwa kwa wengi namba hupanda kidogo bila dalili yoyote, na wachache ndio hufikia manjano au ini kuwa na makovu. Akaisimamisha, akanipa bisoprololi, ambayo haiyanyooshi mapigo bali inapunguza kasi yake.

Kipimo kilichofuata kilinikatisha tamaa, namba ilishuka kiduchu. Kumbe dawa hii hujificha kwenye mafuta ya mwili na kwenye ini lenyewe. Kwa wastani nusu yake huchukua siku 58 hivi kuondoka, na kwa wengine zaidi ya miezi minne. Ni doa la mawese kwenye shati jeupe: unafua leo, unafua kesho, rangi inapungua polepole.

Wakati huohuo kila mtu ana dawa ya kusafisha ini. Shemeji yangu alitoka Kasulu na chupa ya mizizi.

“Shemeji, hii haina kemikali.”

“Shemeji, ini ndilo litakaloipokea na hiyo. Liache lipumzike.”

Alinuna, lakini chupa alirudi nayo. Naona kukataa kwa adabu kulinisaidia kuliko chochote nilichokunywa. Hata parasetamoli ya goti nilikuwa naiuliza kwanza.

Wafarini ndiyo ilitaka akili. Amiodaroni huipandisha nguvu, ndiyo maana nilipoanza kuzitumia pamoja dozi yangu ya wafarini ilipunguzwa. Sasa amiodaroni ikawa inatoka kidogokidogo, na kinga dhidi ya damu kuganda nayo inashuka kimyakimya. INR yangu, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Tuliipima mara kwa mara na dozi ikapandishwa taratibu kwa maagizo ya daktari, si kwa kukisia kwangu. Watu waliniambia niache sombe (kisamvu), kwamba majani hupunguza nguvu ya wafarini. Daktari akasema nile, ila kiasi kilekile kila wiki, nisije nikafunga wiki nzima halafu Jumapili nikala sufuria.

Halafu malaria. Huku kwetu haikosi msimu. Dawa mseto tunayoizoea inaweza kuvuruga umeme wa moyo ikikutana na amiodaroni, hata kama uliiacha wiki kadhaa nyuma. Niliposhikwa na homa sikwenda duka la dawa, nilikwenda hospitali na daftari. Nikawaambia niliacha amiodaroni lini. Wakapima moyo kwanza, ndipo wakachagua dawa.

ALT sasa imerudi chini ya 40. Ilichukua miezi, na katikati kuna kipimo kimoja kilipanda tena kidogo kisha kikashuka, hivyo usihukumu kwa karatasi moja. Tezi bado napimwa, kwa sababu inaweza kuharibika hata baada ya dawa kusimamishwa. Jua la mchana pia bado nalikwepa, dawa hii huifanya ngozi iungue upesi, na kuanika dagaa ni kazi ya juani. Hiyo nimemwachia kijana wangu. Mimi nakaa kwenye mizani.