Celica ikigoma kuwaka ikiwa ya moto, ipime hapohapo

Wenye Toyota Celica za zamani tukikutana stori huwa ni mbili tu, sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) haitulii au gari imegoma kuwaka, na kila mtu anaziongelea kama kesi mbili tofauti, huyu anatafuta vali ya sailensi, yule anatafuta pampu ya mafuta, wakati mara nyingine mchawi ni mmoja. Yangu ni ST202 ya 1995, injini 3S-GE, gia za mkono, na niseme mapema maana nikipaki tu lazima atokee mtu na habari za Safari Rally: hapana mkuu, zile zilizochukua nafasi nne za kwanza kwenye Safari ya 1993 zilikuwa GT-Four, zina turbo na zinavuta matairi yote manne. Hii yangu inavuta mbele tu, turbo haina, na mpaka sasa imewashinda bodaboda peke yao.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi inawaka stata ya kwanza, ila sailensi iko juu na haishuki, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa 1,500 huko hata injini ikishapata moto, wakati ikiwa ya moto inatakiwa itulie kwenye 800 hivi. Mafuta inakunywa balaa. Halafu uende nayo mjini, uzime dukani robo saa, ukirudi ukapiga stata inazunguka vizuri kabisa, betri ina nguvu, lakini kuwaka haiwaki, na harufu ya petroli inaingia mpaka ndani. Ukiiacha ipoe inawaka yenyewe utadhani ilikuwa inakutania. Na hapo ndo shida inapoanzia, kwasababu fundi akifika gari imeshawaka, anaisikiliza, anasema "mbona nzima hii bosi", na ili asionekane kaja bure anakubadilishia plagi.

Kwahiyo mi nilichoamua ni kwamba ikigoma siibembelezi tena, naipima hapohapo ikiwa imegoma. Ikishawaka ushahidi umepotea. Kwenye buti inakaa maltimita ya bei rahisi, plagi moja ya zamani, kipande cha waya, spana ya plagi na kitambaa, basi.

Cha kwanza kabisa ujue imegoma kivipi, maana watu wanasema "haiwaki" kwa vitu viwili visivyofanana. Kama ukigeuza funguo unasikia "tak" moja halafu kimya, hiyo ni habari ya umeme mkubwa na stata, usiguse sensa yoyote. Pima betri, ikiwa imepumzika inatakiwa kusoma kama volti 12.6, na wakati unapiga stata isianguke chini ya 9.6 hivi, safisha vichwa vya betri na waya wa ethi unaoenda kwenye gearboksi. Vyote vikiwa vizima na bado ni "tak", kwenye hizi stata za Denso kuna vipande viwili vya kopa ndani ya swichi yake ambavyo vinalika, kimoja kinalika zaidi ya kingine, na vinauzwa vyenyewe bila kununua stata nzima. Fundi umeme anayekwambia stata nzima imekufa kabla hajaifungua, mwambie aifungue mbele yako.

Yangu ilikuwa inazunguka, kwahiyo hiyo niliiruka. Inazunguka haiwaki maana yake kuna kitu hakifiki: moto (cheche ya plagi), au mafuta, au vinafika vyote lakini kwa kipimo cha ajabu. Hiki cha mwisho ndo kinasahaulika.

Moto ni rahisi. Mwambie mtu apige stata huku unaangalia mshale wa rpm, ukitikisika kidogo juu ya sifuri maana yake igniter (kifaa cha kukata na kurudisha umeme) inakata na kuwasha koili inayotengeneza cheche, ukilala kabisa anza kushuku disi (inayogawa cheche kwa kila plagi), igniter na waya zake. Halafu chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi yako ya zamani, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli (usishike kwa mkono, utarushwa), piga stata uone cheche. Ya bluu inayopiga kelele ni nzuri, ya njano iliyolegea ni mbovu. Kama cheche hakuna na injini ni ya moto, kuna mbinu ya zamani ya kuweka kitambaa chenye maji baridi juu ya koili na igniter kwa muda, ikiwaka baada ya hapo umeshampata, vitu hivi vikizeeka vinakufa kwa joto na kufufuka vikipoa. Yangu cheche ilikuwa ya bluu, safi.

Mafuta nayo. Watu wengi wanaweka funguo on wanategea sikio nyuma, wasiposikia pampu wanaihukumu, wakati Toyota nyingi za umri huu pampu haifanyi kazi mpaka stata izunguke. Kuna kiboksi cheusi kwenye injini kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko, ndani kuna matundu na kila tundu jina lake liko chini ya kifuniko. Unganisha +B na FP kwa kile kipande cha waya, funguo on, pampu lazima iungurume na ukishika mpira wa mafuta unausikia unakaza. Soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka, ukikosea tundu unaunguza kitu. Pampu yangu iliunguruma vizuri tu, hiyo ambayo kila mtu pale kwenye maegesho alikuwa ameshaizika.

Moto upo, mafuta yapo, haiwaki. Nikachomoa plagi. Zimelowa petroli chepechepe, nyeusi tii. Sasa hapo gari inakwambia yenyewe kwamba inazama, mafuta ni mengi mno, na harufu ilikuwa inasema hivyohivyo tangu mwanzo ila kila mtu alikuwa bize na pampu.

Swali sasa ni nani anaiambia kontroo boksi (kompyuta ya injini) imwage mafuta yote hayo. Injini baridi inahitaji mafuta mengi na sailensi ya juu, injini ya moto inahitaji kidogo, na boksi inajua joto kupitia sensa moja ndogo ya maji iliyopo kwenye kichwa cha injini upande wa gearboksi, karibu na disi. Sensa ikidanganya kwamba maji ni ya baridi wakati yanachemka, utapata sailensi ya juu isiyoshuka, ulaji wa mafuta, na kugoma ikiwa ya moto. Asubuhi inawaka vizuri kwasababu asubuhi sensa inasema ukweli, injini kweli ni baridi! Dalili zangu zote kwenye sentensi moja.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ya kumkamata palepale barabarani. Nilichomoa soketi ya sensa nikaiacha inaning'inia. Boksi ikiona hakuna sensa kabisa inawasha taa ya cheki injini na inajiwekea yenyewe kwamba maji ni nyuzi 80. Nikafuta plagi, nikarudisha, nikakanyaga mafuta mpaka chini ili hewa iingie nyingi, nikapiga stata, ikakohoa moshi mweusi, ikashika. Sailensi ikashuka. Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri kutusaidia kusukuma akauliza "kaka umechomoa nini tena hapo?", nikamuonyesha, hakuamini, na kusema kweli mtu unayemuona anachomoa waya ili gari iwake lazima umtilie shaka.

Sasa hapa kuna mitego. Wa kwanza, taa ya cheki injini ilikuwa haijawahi kuwaka muda wote huo, na ukiunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi taa inatakiwa ikuhesabie kodi (namba ya kosa) kwa kupepesa, 22 ni sensa ya maji, 31 ni sensa ya presha ya hewa, 41 ya throto (mlango wa hewa ya injini), 12 na 14 ni mambo ya moto. Yangu ilipepesa sawasawa bila kusimama, yaani hakuna kosa. Boksi inalalamika tu waya ukikatika au ukigusana, sensa inayotoa namba ya uongo lakini inayowezekana haiwezi kujulikana. Hata ungepeleka kwa mwenye mashine ya kisasa isingekusaidia, kwanza soketi ya hiyo mashine kwenye Celica ya namna hii haipo.

Mtego wa pili, sensa ziko mbili zimekaa jirani. Yenye waya mmoja inapeleka kwenye geji ya dashibodi, yenye waya mbili ndo inaongea na kontroo boksi. Gari hii ilishabadilishiwa "sensa ya joto" huko nyuma na gereji moja, nilipoangalia vizuri mpya ni ile ya waya mmoja. Geji ilikuwa inasoma vizuri, ndo maana hakuna aliyeishuku nyingine.

Nilipoipima ikiwa ya moto, mita kwenye miguu miwili ya sensa, ilisoma zaidi ya omu 1,500. Nzima inatakiwa kuwa omu 2,000 mpaka 3,000 kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 80 iwe imeporomoka mpaka 200 hadi 400. Yangu kutoka asubuhi mpaka inachemka ilikuwa haisogei ya maana.

Nikaenda Shaurimoyo kutafuta ya mtumba, na pale usinunue sensa kwa macho. Niliomba kikombe cha maji ya moto kwa mama wa chai wa jirani, nikawa natumbukiza kila sensa ncha yake tu huku mita imeshika juu, nzuri unaiona namba inaporomoka ndani ya sekunde chache, mbovu inakuangalia tu. Muuzaji akaniuliza "braza unanunua sensa au unapika?" lakini alipoona mbili kati ya zake zimekufa akaanza kuzitenga pembeni mwenyewe. Mama wa chai yeye alitaka kikombe chake kilipwe na nilimlipa, haki yake.

Sensa ikaingia, kugoma kukaisha. Sailensi ikashuka lakini haikutulia, sasa ikawa inapanda 1,800, inashuka 1,000, inapanda tena, vruum, vruum, kwenye foleni watu wanadhani nataka mashindano. Hii watu wanaita gari inahema, na ina sababu yake. Mguu ukiwa haupo kwenye mafuta na mzunguko uko juu, boksi inadhani unateremka mlima na gia, inakata mafuta, mzunguko unaanguka, inarudisha mafuta, unapanda, inakata tena. Kwahiyo tatizo ni hewa nyingi inayopita pasipotakiwa. Nilipulizia kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogokidogo kwenye mipira ya vakyumu na gasketi injini ikiwa baridi (ya moto usijaribu, utaunguza gari), mlio ukabadilika kwenye mpira mmoja uliopasuka kwa chini, nikaubadilisha, halafu nikafungua vali ya ISC, yaani ile vali ya sailensi, iliyo chini ya throto bodi, imejaa masizi mpaka haizunguki, nikaiosha ikawa inacheza kwa kidole.

Ila kilichonikera ni kukuta skrubu ya kuzuia throto imekazwa na mtu. Hiyo skrubu siyo ya kupandishia wala kushushia sailensi jamani. Ukiigusa throto haifungi mpaka mwisho, swichi ya sailensi haijui kama mguu umetoka, na boksi inachanganyikiwa moja kwa moja. Niliirudisha mpaka throto ikafunga, nikapanga sensa ya throto upya, halafu nikaunganisha TE1 na E1 nikapima taimingi (wakati cheche inapopiga) kwa taa, digrii 10 kabla ya TDC, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa, nikachomoa kile kiwaya.

Sasa inakaa 800, nikiwasha ac inatingishika kidogo inarudi. Stata nayo imeanza kutoa "tak" siku moja moja, nimeshanunua zile kopa, naifungua wikiendi hii.