Mfuko wa Serikali: Kutoka Runnymede Hadi Philadelphia

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Mdogo wangu wa kike, muuguzi mjini Reading, alikuwa amejifungua Agosti 2013, na mama akanituma nimpelekee khanga, unga wa ulezi na salamu za wazee. Mpwa wetu, mtoto wa dada mkubwa, alikuwa anasoma Philadelphia, kwa hiyo nikavunja akiba ya miaka mitatu nikaunganisha safari zote mbili.

Lakini mimi ni mwalimu wa Uraia, shule ya sekondari huko Morogoro, na mwaka ule nchi nzima ilikuwa inajadili rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba iliyotoka Juni. Wanafunzi walikuwa wananibana kwa maswali ambayo kitabu cha kiada hakina majibu yake, hasa lile la mawaziri, maana rasimu ilitaka waziri asiwe mbunge. "Mwalimu, wenzetu wanafanyaje?" Nilikuwa nawajibu kwa maneno ya kukariri: Uingereza hivi, Marekani vile. Nikaondoka nikiwa nimeahidi kwenda kujionea.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba shemeji alinipeleka Westminster, jengo la Bunge la Uingereza jijini London. Wabunge walikuwa mapumzikoni, hivyo wageni tuliruhusiwa kuingia hadi ndani kabisa. Unaanzia Westminster Hall, ukumbi wa mawe ulioanza kujengwa 1097, wenye paa la mbao nzito linalokufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Kwenye ngazi zake kuna bamba la shaba lililochomekwa sakafuni. Hapo ndipo alipokalishwa Mfalme Charles wa Kwanza aliposhitakiwa Januari 1649. Nilisimama mbele ya bamba lile mpaka shemeji akarudi kunifuata.

Mfalme yule aliponzwa na mengi, na fedha ilikuwa mojawapo kubwa. Kuanzia 1629 alitawala miaka 11 bila kuita Bunge, akitoza watu kwa njia alizozijua mwenyewe. Vita na Waskoti ilipomkausha, ikabidi aliite, nalo likakataa kumpa fedha kabla ya kusikilizwa. Januari 1642 akaingia ukumbini na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshatoroka. Spika Lenthall akapiga goti na kumwambia kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kwa amri ya Bunge. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia aliyeingia tena ukumbini humo Bunge likiwa limekaa. Mwaka 1649 walimkata kichwa si mbali na pale, nje ya Banqueting House, ukumbi wa karamu wa kifalme.

Mama mzee aliyekuwa akitutembeza alituonyesha mlango wa Commons, bunge la wananchi wa kawaida, tofauti na lile la Lords ambalo sisi tungeliita la mamwinyi. Mbao zake zina alama za kubonyea. Kila mfalme anapokuja kufungua Bunge humtuma mjumbe wake kuwaita wabunge, na mjumbe anapokaribia hufungiwa mlango usoni. Lazima agonge mara tatu kwa fimbo. Nilizigusa zile alama kwa kidole. Kila mwaka wanakumbushana jambo la 1642 kwa kubamiza mlango, na hakuna anayechoka.

Ndani, nilishtuka. Ukumbi ni mdogo! Wabunge wako 650, nafasi za kukaa hazizidi sana 400. Mabomu ya Wajerumani yaliubomoa Mei 1941, na Churchill akashikilia ujengwe upya kwa umbo lile lile la mstatili, pande mbili zikitazamana, usiwatoshe wote, ili mjadala uwe mazungumzo ya watu wanaoonana nyuso. Mabenchi ya kijani hatukuruhusiwa kuyakalia. Kwenye zulia kuna mistari miwili myekundu, mmoja kila upande, na anayezungumza haruhusiwi kuuvuka. Waziri Mkuu akisimama pale mezani, kiongozi wa upinzani yuko mbele yake umbali ule ule uliopo kati ya ubao wangu na dawati la kwanza. Mate yanaweza kumfikia.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifundisha vibaya. Ubaoni huwa nachora mihimili mitatu, duara tatu zilizotengana, na kuandika chini yake kwamba nchi za kidemokrasia hutenganisha madaraka. Pale London duara mbili zimekaa moja ndani ya nyingine. Waziri Mkuu ni mbunge, na karibu mawaziri wote ni watu wa Bunge. Serikali ni kile kikundi ambacho Commons bado inakiamini, na siku imani ikiisha, nayo imeisha. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura moja, 311 kwa 310, na Mei wananchi wakapiga kura akaingia Margaret Thatcher. Mwezi mmoja tu kabla ya ziara yangu, Agosti 29, Waziri Mkuu wa wakati huo David Cameron aliomba ridhaa ya kushambulia Syria akashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Haikuwa kura ya kumng'oa, lakini alisimama pale pale, mbele ya waliomshinda, akasema amesikia.

Na hakuna kitabu kimoja cha katiba ambapo haya yote yamekusanywa. Cheo chenyewe cha Waziri Mkuu kilikua polepole tangu Robert Walpole mwaka 1721, kwa mazoea, kama njia ya mguu inavyotokea kwenye nyasi.

Jumapili tukapanda treni hadi Egham, tukatembea kwa miguu mpaka Runnymede. Ni mbuga ya majani kando ya mto Thames, ng'ombe wanalisha, ndege za Heathrow zinapita juu. Juni 15, 1215, Mfalme John alilazimishwa na makabaila wake kukubali hati tunayoiita Magna Carta, na mojawapo ya vifungu vyake lilisema mfalme asitoze mchango wa aina fulani bila shauri la pamoja la ufalme. Papa aliifuta hati hiyo kabla mwaka haujaisha, lakini ikarudishwa na wafalme waliofuata. Kilichonigusa ni kwamba lile jengo dogo la nguzo nane kwenye mteremko halikujengwa na Waingereza. Lilijengwa 1957 na chama cha mawakili wa Marekani. Jirani yake kuna jiwe jeupe la kumkumbuka John F. Kennedy, na ekari moja linaposimama walipewa Wamarekani iwe yao. Wamevuka bahari kuja kuweka alama kwenye kaburi la babu wa pamoja. Shemeji, ambaye siasa hazimhusu, alisema: "Sasa hawa si waligombana?" Waligombana kweli, na kwa neno hilo hilo la kutozwa kodi na Bunge ambalo hawakuwa na mtu ndani yake.

Nilitua Philadelphia Oktoba 5. Asubuhi yake mpwa alinipeleka Independence Hall, nikiwa nimevaa shati la pasi. Tulikuta vizuizi vya chuma na karatasi iliyofungwa kwa plastiki: pamefungwa kwa sababu serikali kuu imesimama. Watalii walikuwa wamejaa kwenye Chestnut Street wakipiga picha sanamu ya George Washington kwa mbali. Kengele ya Uhuru tuliitazama kupitia kioo cha dirisha, ufa wake ukionekana kidogo.

Niseme ukweli, nilisononeka. Nilikuwa nimetoka Morogoro kuja kuona chumba walimokaa wale walioandika katiba ya Marekani, kuanzia Mei hadi Septemba 17, 1787, madirisha yamefungwa kwenye joto la kiangazi ili siri isitoke, wajumbe 55 walihudhuria na 39 wakatia saini. Nikafungiwa na nini? Na kile kile walichokiandika mle ndani. Ibara ya kwanza ya katiba yao inasema hakuna fedha itakayotoka hazina ila kwa sheria iliyopitishwa. Bunge la Wawakilishi, mikononi mwa Republican, lilitaka kuizuia sheria ya bima ya afya ya Rais Obama kupitia muswada wa matumizi. Seneti, mikononi mwa Democrat, ikakataa. Oktoba 1 ikafika bila muswada, na watumishi karibu 800,000 wakaambiwa wabaki nyumbani.

Jambo hili London haliwezekani, na jioni ile nilikaa jikoni kwa mpwa nikimweleza kwa vikombe vya chai. Kule, serikali isiyoweza kupitisha bajeti yake si serikali tena. Hapa, Rais ana miaka yake minne, mwakilishi miwili, seneta sita, kila mmoja amechaguliwa kivyake na hakuna anayeweza kumwondoa mwenzake kwa kukosana tu. Wakigoma wote, wanabaki wote, na kinachofungwa ni ofisi. Tena kufunga kwenyewe si jambo la 1787. Kuna sheria ya 1884 inayozuia idara kutumia fedha isiyoidhinishwa, lakini kwa miaka mingi bajeti ikichelewa idara ziliendelea na kazi, hadi Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa maoni yake 1980 kwamba sheria hiyo maana yake ni kusimama.

Kwenye jumba la makumbusho la katiba, ambalo lilikuwa wazi, nilipata jibu la wanafunzi wangu. Sanamu za shaba za wajumbe wale zimesimama sakafuni kimo cha mtu, unapita katikati yao kama upo kikaoni. Walikuwa wamesoma Mfaransa Montesquieu, ambaye mwaka 1748 aliisifu Uingereza kwa kutenganisha madaraka, ilhali mawaziri wa London walikuwa tayari wamekaa bungeni. Na walikuwa wamemwona kwa macho mfalme akiwanunua wabunge kwa kuwagawia vyeo. Kwa hiyo wakaandika, ibara ya kwanza, fungu la sita: mwenye cheo serikalini haruhusiwi kuwa mbunge. Nililiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Waingereza waliiona ile ndoa ya Bunge na mawaziri ikawa ndiyo kamba ya kuwafunga mawaziri. Wamarekani waliiona ikawa rushwa. Ndoa ni ile ile.

Washington tulikwenda siku moja tu. Kutoka Ikulu hadi kwenye kuba la Bunge nilitembea karibu nusu saa. London, kutoka mlango wa Waziri Mkuu hadi bungeni ni dakika tano. Rais huja kule juu kwa mwaliko.

Nilimwambia mpwa kwamba, kwa hesabu zangu, London ni bora, kwa sababu anayetumia fedha anatazamwa usoni na anayeitoa. Hakukubali hata kidogo. "Mjomba, huyo waziri mkuu wako akiwa na wabunge wengi, nani atamzuia?" Ana hoja. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifunguliwa 2009 tu, na haina uwezo wa kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Ya Marekani imekuwa ikifuta tangu 1803. Lords wanaweza kuchelewesha muswada kwa mwaka hivi, na wa fedha kwa mwezi mmoja tu, tangu walipoikataa bajeti ya 1909 wakapokonywa nguvu mwaka 1911. Tulibishana hadi wali ukaungua chini.

Jirani wa mpwa, mama wa makamo, alikuwa mtumishi wa ofisi moja ya serikali kuu. Kila asubuhi nilimkuta anakusanya majani makavu mbele ya nyumba kwa reki, siku za kazi, saa za kazi. Mshahara umesimama, rehani ya nyumba haisimami. Siku ya tatu au ya nne aliniuliza, kwa upole wa mtu anayetaka kujua kweli, kwetu Bunge likikataa bajeti inakuwaje. Nikamwambia tulianza uhuru wa 1961 na waziri mkuu wa mtindo wa London, na baada ya mwaka mmoja tukawa jamhuri yenye Rais mtendaji, lakini mawaziri tukawaacha bungeni. Na bajeti ikikataliwa, ibara ya 90 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge.

Aliacha kukokota reki. Akataka nirudie. Nikarudia: Uingereza inaondoka serikali, kwao zinafungwa ofisi, kwetu anayeweza kurudishwa nyumbani ni aliyesema hapana.

"Na wabunge wenu wanalijua hilo siku ya kupiga kura?" akauliza.

"Wanalijua," nikamjibu.

Usiku wa kuamkia Oktoba 17 Obama alitia saini muswada wa fedha, baada ya siku 16 za kufungwa. Ndege yangu ilikuwa jioni ya siku hiyo. Asubuhi, nikiwa nafunga begi barazani, yule mama alitoka amevaa koti, kitambulisho kikining'inia shingoni, akanipungia mkono na kuharakisha kituoni. Reki alikuwa ameiegemeza ukutani, na rundo la majani lilikuwa bado halijazolewa.