Ukurasa wa Jela

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikulala vizuri, na aliyeninyima usingizi ni mtu aliyekufa zamani sana.

Mnajua nimeolewa huku Ireland. Mama mkwe wangu, Mkatoliki wa rozari kila jioni, anatafuta ukoo wao ili awaachie wajukuu, yaani wanangu. Kazi yenyewe ngumu. Sensa nyingi za karne ya 19 hazipo, nyingine ziliteketea Dublin mwaka 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vitabu vya jela vingi vimebaki. Mama hutania, "Ukitaka kumpata babu yako, omba awe aliwahi kufungwa."

Jumanne usiku akaniita jikoni. Amempata babu mmoja wa ukoo kwenye kitabu cha jela ya Limerick, mji wa huku Ireland, 1853, mwandiko wa wino umelala upande. Futi tano na inchi sita. Macho ya kijivu. Hajui kusoma. Kibarua. Kosa: kutelekeza mke na watoto. Wameangukia nyumba ya maskini, na kule mama aliwekwa upande wake, watoto upande wao.

Sisi tulijiandaa kwa kondoo. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza kwa ugonjwa na kuoza shambani, iliua watu wapatao milioni moja, na wengi walifungwa kwa kuiba chakula. Babu mwizi wa kondoo unamsimulia mezani bila aibu. Huyu aliwakimbia wanawe. Mama akafunga kompyuta. "Huyu tusiwaambie watoto." Nikaitikia haraka.

Asubuhi nikamwandikia dada mmoja wa ushirika wetu. Akajibu palepale: laana ya ukoo hiyo, funga siku tatu tuivunje. Nikafunga. Siku ya pili, tumbo linanguruma, nikafungua Mathayo 1, ile sura tunayoirukaga. "Daudi akamzaa Sulemani kwa yule mke wa Uria." Jina la mama yake Sulemani halimo. Limewekwa la mume wake wa kwanza, aliyeuawa kwa hila ya Daudi, ili kila asomaye ukoo wa Bwana apite kwenye kaburi la Uria kwanza. Na sisi tunamficha kibarua wa Limerick!

Niseme, hata mkininunia. Laana za ukoo tumezipenda kwa sababu marehemu hajitetei. Ezekieli 18 imeshasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Sasa wewe kaka unayekesha ukivunja madhabahu za babu zako, una mtoto Mbeya hujampigia tangu Pasaka. Ada yake inatoka kwenye maandazi ya bibi yake. Unavunja nini hapo? Shika simu, mtumie mtoto hela, umwombe na radhi. Maombi yatakukuta umeshaanza.

Nami simo salama. Nina dada wa baba mmoja, mkubwa kwangu. Kwetu jina lake halikutajwa mezani. Mwaka jana aliniandikia: "Mimi ni dada yako, nilitaka tu kukusalimia." Nilisoma, tiki zikawa bluu, nikanyamaza.

Ijumaa mama mkwe alitoa Biblia ya ukoo. Akaandika jina la yule mke, halafu watoto wanne, halafu la mume, kwa kalamu ileile. Nilipomwona anapuliza wino ukauke, nikaenda chumbani nikaandika, "Shikamoo dada. Nisamehe nimechelewa."

Mpaka sasa hajajibu. Mniombee.