Tanganyika limechafuka, Tanganyika ilipata uhuru

Kigoma, Jumamosi jioni

Mtu wa Kigoma akisema "Tanganyika limechafuka leo", hakuna atakayemuuliza anazungumzia nini. Ni ziwa, na mitumbwi haitoki. Akisema "Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961", jina ni lilelile, herufi kwa herufi, lakini tumeshatoka majini na kuingia kwenye nchi. Kilichotuhamisha ni silabi moja: *li* ya ziwa, *i* ya nchi.

Nimekuwa nikiiwaza silabi hiyo wakati wa kupanga kadi za majina pacha: miji, maziwa, meli, bendi, vitabu na filamu zinazoitwa jina moja. Naona Kiswahili kinatufanyia nusu ya kazi bila sisi kukishukuru. Jina la pekee huazima ngeli ya nomino iliyojificha nyuma yake. Kusadikika *kilichapwa* mwaka 1951, hicho ni kitabu cha Shaaban Robert. Kusadikika *kulikuwa* na mfalme, na waziri wake Majivuno, hiyo ni nchi ya kubuni iliyomo ndani ya kitabu hichohicho. Hata nchi isiyokuwepo inapewa *ku* ya mahali. Hiyo *ku* ndiyo kipimo changu cha kwanza: ukiweza kusema "kuna" au "huko" na sentensi ikakaa sawa, unazungumzia mahali. Tabora kuna asali. Wimbo hauna "huko".

Shida inaanza pale kitenzi kinapoondoka. Lebo ya kanda haina kitenzi, wala jina la faili, wala mgongo wa kitabu. Na hata kikiwepo, hiyo *i* imebeba mzigo mkubwa mno: nchi, meli, bendi, timu, filamu, riwaya, albamu, zote ni *i*. Tena siku hizi wengi husema "Tabora imekua" wakimaanisha mji, ambao kwa haki yake ungekuwa *umekua*. Chukua kichwa cha habari cha maneno mawili: "Tabora imefungwa". Ni timu iliyopigwa mabao au ni barabara? Hapo upatanisho umechoka, na lazima nomino yenyewe itajwe.

Kwa hiyo kadi. Zile za maktaba, sentimita 7.5 kwa 12.5, zinatosha kabisa. Mstari wa kwanza ni jina, kisha aina ya kitu ndani ya mabano: Liemba (meli), Liemba (ziwa). Aina isitangulie, kwa sababu ukiandika "Meli Liemba" kadi itakwenda kukaa kwenye M, mbali na pacha wake, na mtafutaji hatajua kuwa wapo wawili. Mstari wa pili ni mwaka, wa tatu ni mahali, wa nne ni "tazama pia". Mwaka uwe wa kazi yenyewe ilipotoka au kurekodiwa mara ya kwanza, usiwe wa nakala uliyoshika mkononi. Wimbo wa dansi wa miaka ya sitini ulionakiliwa kwenye sidii mwaka 2005 bado ni wa miaka ya sitini. Kosa hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na ndilo linaloumiza zaidi, maana mwaka ndio unaotenganisha majina pale ngeli inaposhindwa.

Liemba ni mfano mzuri. Mwaka 1867 Livingstone alifika kwenye maji aliyoambiwa yanaitwa Liemba. Baadaye ikaeleweka kuwa ni ncha ya kusini ya hili ziwa letu. Kwa hiyo maandishi yoyote ya wakati ule yenye neno Liemba yanahusu maji. Meli ilikuwa haijazaliwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Lakini iliposhushwa haikuitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen, jina la aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba.

Sasa mtu anakuletea picha iliyoandikwa "Liemba, 1916". Kadi haiwezi kupokea maneno hayo. Andika jina lililokuwepo siku picha ilipopigwa, yaani Graf von Götzen, kisha "baadaye Liemba (meli)". Halafu fungua kadi ya pili kwa Liemba yenye "zamani Graf von Götzen". Kadi mbili kwa chombo kimoja si uharibifu wa karatasi. Anayetafuta kwa jina la zamani ana haki ya kukipata sawa na anayetafuta kwa jina jipya.

Tanganyika yenyewe inahitaji kadi nyingi zaidi. Kuna ziwa, kuna nchi iliyodumu hadi Aprili 1964, kuna wilaya katika Mkoa wa Katavi, kuna jimbo ng'ambo ya pili, Kongo, lenye makao yake Kalemie. Halafu kuna muziki: Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi Tanganyika Strut Marekani mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru. Ukitafuta "Tanganyika 1958" bila kutaja aina, jazi hiyo itakujia imechanganyika na nyaraka za serikali ya kikoloni.

Na neno jazi nalo lina mtego wake. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids Jazz zilipiga dansi, gita na sauti zetu. Zisiwekwe rafu moja na Coltrane kwa sababu ya neno moja tu. Nyanyembe wamechukua jina la Unyanyembe, utemi wa palepale Tabora, kwa hiyo jina na makao vinakubaliana. Western Jazz je? Ilikuwa Dar es Salaam. "Western" ni magharibi ya nchi hii, upande wetu huu, wala haihusiani na Ulaya. Kwenye kadi ya bendi, mstari wa mahali ubebe makao ya bendi, na asili ya jina iandikwe chini kwa penseli.

Filamu zina kosa la aina hiyohiyo. Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014, inasimulia Timbuktu ya Mali, lakini ilipigwa Oualata, Mauritania. Kama rafu zako zinafuata mahali pa kupigia picha, itakwenda Mauritania. Zikifuata mahali pa kisa, Mali. Chagua moja na usibadilishe katikati. Roma ya mwaka 2018 ni mtaa wa Mexico City, si mji wa Papa. Jina la kazi haliwi ushahidi wa mahali mpaka umeifungua na kuiangalia.

Kuna majina yasiyo pacha ila maandishi yameyafanya yafanane, au ni pacha na maandishi yameyatenganisha. Mtemi aliyefariki 1884 vitabu vingi humwandika Mirambo. Shule ya sekondari pale Tabora ni Milambo. Tafuta kwa r na kwa l, kila mara, kwa sababu mashine haijui kuwa ulimi wetu unazibadilisha. Tambora ni mlima wa volkano Indonesia. Tabor ni mlima wa kwenye Biblia. Herufi moja tu, na kadi imepotea.

Namalizia na Tabora, kwa kuwa hakuna jina la kwetu lililosafiri kama hili. Wenyeji hulihusisha na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Gunia likiwa limefungwa huwezi kuvitofautisha kwa kupapasa. Ni lazima ujue kipi kilipita jikoni. Jina likatoka kwenye mji likaingia kwenye mkoa. Likapanda meli ya Kijerumani ya abiria, iliyokuja kuzamishwa bandarini Dar es Salaam mwaka 1916. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliuteka mji, na kamanda wake, Charles Tombeur, baadaye akawa Baroni Tombeur de Tabora; Brussels nako kuna mtaa uitwao Rue de Tabora. Na kabla meli ile haijazama, wanafalaki waliokutana Hamburg, wakiwa ndani yake, walilitoa jina lake kwa sayari ndogo iliyogunduliwa Heidelberg mwaka 1911.

Kwa hiyo kisandukuni, kwenye T, mpangilio ni huu: Tabora (meli), Tabora (mji), Tabora (mkoa), Tabora (mtaa, Brussels), Tabora (sayari ndogo). Kadi hii ya mwisho ina namba yake, 721, na kwenye mstari wa mahali nimeandika: kati ya Mirihi na Mshtarii.